Kisu cha Milimita Sita

Trésor, wewe ndiye uliyeniomba niandike, kwa hiyo ukichoka kusoma usimlaumu mtu mwingine. Siku mliponiaga pale ateli, karakana yetu, kwa soda na mikate ya mafuta, ulinivuta pembeni ukaniuliza: "Papa Kalumba, mbele ya kuenda, utuambie: kisu ya kwanza, bamba ikuwe na unene gani?" Nilikujibu milimita tatu, nikaendelea kunywa soda yangu. Nilipofika nyumbani nikaona nimekupunja. Jibu ni sahihi, lakini namna nilivyolipata sijawahi kumweleza mtu. Sasa nimestaafu, hakuna anayeweza kunifukuza, basi nitawaeleza ninyi nyote.

Habari za vyeo sitaziandika. Niliwahi kupata viwili vitatu na havikunisaidia kunyoosha hata msumari.

Nilianza uhunzi katika ateli kubwa ya matengenezo hapa hapa Likasi, miezi michache tu baada ya kuoa. Siku ya kwanza walinipa salopeti ya kazi iliyokuwa pana kama hema na jozi ya glavu zote mbili za mkono wa kushoto. Nilisimama mlangoni nikatazama tanuru, na ile nyundo kubwa ya mashine ikashuka mara moja, sakafu ikaruka, na mimi nikaruka nayo. Watu wakacheka. Mzee mmoja mfupi, mwenye ndevu zilizoungua upande mmoja, hakucheka. Alinikabidhi koleo la makaa akasema, "Ukimaliza kuogopa, leta makaa." Huyo ndiye alikuwa Chef Ngoie, mkuu wa wahunzi.

Nilibeba makaa kwa majuma mengi. Ninyi leo mnawasha kipulizio cha umeme kwa kidole, na umeme ukikatika mnakaa chini mnailaani Mwadingusha nzima na bwawa lake. Sisi tulijifunza kwanza kuutazama moto. Chef Ngoie alikuwa anatusimamisha mbele ya tanuru na kutuuliza chuma kimefika rangi gani. Ukisema "nyekundu" alikuwa anakuuliza nyekundu ya nini: ya tofali, ya pilipili, au ya jua linalozama? Nilikosea sana, lakini nilipenda. Niseme wazi kwamba niliipenda ile kazi kuliko kitu chochote nilichokuwa nimekifanya kabla yake. Mpaka leo harufu ya chuma cha moto ikikutana na mafuta inanifanya nitamani kuwa na miaka ishirini na miwili tena.

Sasa, Chef alikuwa na desturi yake, ambayo haikuandikwa popote. Kila mgeni aliyekwisha kujua kushika koleo alitumwa nyuma ya ateli, kwenye rundo la vyuma chakavu, achague mwenyewe kipande chochote bila kuomba shauri, atengeneze kisu cha jikoni na kukipeleka nyumbani kwake. Baada ya mwezi alipaswa kukirudisha ili kikaguliwe. "Minye sitauliza weye," Chef alikuwa anasema. "Nitauliza kisu." Kikionekana kimefanya kazi jikoni, unabaki kwa wahunzi. La sivyo unarudishwa ofisini, nao wanakupeleka mahali penye upungufu wa mikono. Miaka ile upungufu ulikuwa Kakontwe, kupakia mawe ya chokaa. Kaka yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi huko. Ni kazi ya heshima, sisemi vingine, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kupenda moto, na wazo la kuuacha lilininyima raha.

Nilikwenda kwenye rundo nikapekua asubuhi nzima. Palikuwa na misumeno mizee ya kupasulia mbao, milimita mbili hivi, imejaa kutu. Palikuwa na matupa yaliyochakaa. Na palikuwa na bamba la resori, yaani springi ya lori, zito, la milimita sita kamili. Nilipima kwa pied à coulisse, kile kipimo cha taya cha ateli, nikapima tena kwa kujifurahisha.

Elewa jinsi tulivyokuwa tukifikiri pale. Siku nzima tulikuwa tunaletewa vitu vilivyovunjika kutoka kwenye mitambo: ekseli, kulabu, nyundo za kusagia mawe. Kila kimoja tulikitazama na kusema, kilikuwa chembamba mno, tukafua kingine kinene zaidi. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yetu yote. Kitu chembamba kilikuwa aibu. Mfua chuma wa mitambo anapotengeneza kisu cha jikoni, Trésor, anatengeneza kipuri cha mtambo chenye mpini.

Nikachukua resori. Nilikifua kisu, nikakinoa ukingoni tu, nikauacha mwili wote na unene wake kwa sababu uliniridhisha macho. Kilikuwa na uzito wa tofali. Kingeweza kupasua mfupa wa ng'ombe, kufungua pipa, hata kubandua mlango. Niligonga herufi za jina langu ubavuni, nikaenda nacho nyumbani Kikula nikitembea katikati ya barabara.

Mke wangu alikipokea kwa mikono miwili, akapiga makofi madogo ya shukrani kama wanavyofanya kwao. Kwao ni Tshangalele, kando ya ziwa, katika nyumba ya wavuvi. Alikuja kwangu na sanduku moja la nguo na kisu kimoja chembamba, alichopewa na baba yake, kilichotengenezwa kwa bamba la msumeno wa chuma na kufungwa kitambaa mahali pa mpini. Mimi nilikiona kile kisu kama kitu cha kuchezea.

"Asante, bwana yangu," akasema. "Iko nguvu."

Angalia hilo neno. Hakusema iko muzuri.

Juma la tatu nilikuwa natafuta soksi, nikakuta kisu changu ndani ya katoni, chini ya mashuka, kimefungwa vizuri katika gazeti. Mke wangu alikuwa kisimani. Nilikitoa, nikachukua kitunguu, nikakata. Hakikukata. Kiliingia kidogo, kisha ule mwili mnene ukafuata na kukipasua kitunguu vipande viwili kama ninavyopasua kuni. Nikajaribu kukata mboga nayo ikapondeka. Basi nilijua. Nataka hili likae wazi kwa sababu lina maana huko mbele: juma la tatu, mchana, nilijua kwamba kisu changu ni kibaya na kwamba yeye alikuwa amekificha ili asinivunje moyo.

Nilifanya nini? Nilikisugua kwenye jiwe kidogo kionekane kimenolewa mara nyingi, nikakipaka maji ya kitunguu kile kile ili kibadilike rangi, kwa maana chuma cha aina ile kikikutana na vitunguu na nyanya huwa cheusi kidogo kidogo. Nikakirudisha kwenye katoni, nikanyamaza.

Siku ya ukaguzi Chef Ngoie alikipeleka kwenye mwanga, akakigeuza, akakinusa. Ndiyo, alikinusa.

"Hii kisu," akasema, "imekula kitunguu moja. Mwezi muzima, kitunguu moja. Ku kwako munafungaka?"

Wenzangu wakacheka. Nikasema mke wangu anakitumia kila siku. Sijui kwa nini nilisema hivyo, ila nilikuwa naona mawe ya Kakontwe mbele ya macho.

"Muzuri," akasema Chef. "Siku ya posho, saa sita, aniletee habari yeye mwenyewe."

Siku ya posho ni Jumamosi, kwa wale watakaosoma hii nje ya Katanga. Nilimwambia mke wangu kwamba Chef anataka kumsalimu, na kwamba akiulizwa kuhusu kisu aseme ni kizuri, la sivyo nitaondolewa. Aliniuliza swali moja tu: "Batakupeleka wapi?" Nikamwambia Kakontwe. Akatikisa kichwa, akaenda kuupiga pasi mpira wake mpya.

Mpira ni kile kitambaa chenu cha kitenge, nyinyi watoto wa siku hizi. Alivaa ule wa harusi.

King'ora cha saa sita kilipolia, watu hawakuondoka. Walijua kuna jambo. Chef alikuwa amekaa juu ya pipa na chakula chake: ugali wetu wa bukari, samaki mkavu, na nyanya mbili zenye chumvi, maana hakuna siku alikula bila nyanya. Alimkaribisha mke wangu kwa heshima kabisa, akamuuliza habari za nyumbani na za wazazi, kisha akauliza:

"Mama, kisu ya bwana yako iko muzuri?"

"Iko muzuri sana, Papa."

"Unakataka nayo nini?"

"Byote, Papa. Samaki, mboga, byote."

Chef akaweka ubao juu ya pipa jingine, akachukua nyanya moja, akaweka na kisu changu kando yake. "Nisaidie basi. Unikatie."

Nyanya ile ilikuwa mbivu, ngumu kiasi, haina doa. Nawaambia hivyo kwa sababu niliitazama kuliko nilivyowahi kutazama kitu. Mke wangu alinitupia jicho mara moja. Akashika kisu, akaweka makali juu ya ganda, akavuta polepole kwa ustadi, na hakikuingia. Akabonyeza. Nyanya ikapasuka, maji yake yakaruka mpaka kwenye salopeti ya Chef.

Mtu mmoja akacheka kupitia puani. Mke wangu akaweka kisu chini, akapangusa vidole, akasema kwa sauti iliyosikiwa na wote:

"Unisamehe, Papa. Kisu haina kosa. Ni minye sijue kukata tomati. Kwetu ku Tshangalele tunakulaka samaki tu."

Hapo ateli nzima ikalipuka kwa kicheko. Chef hakucheka. Aliniangalia mimi, akauliza: "Na weye, fundi, unasema nini?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Leo naliona hilo waziwazi. Nilichotakiwa kusema ni maneno machache tu: kisu ndicho kibaya, mke wangu anajua kukata kuliko mtu yeyote hapa. Mdomo wangu ukasema hivi:

"Nitamufundisha, Chef."

Wakacheka tena, mara hii pamoja nami. Hata mimi nilitabasamu.

Chef alichukua ile nyanya iliyopondeka akaila. Kisha akaniambia taratibu, "Utabaki. Juu ya bibi yako, haiko juu yako. Na Lundi uniletee kisu yenye anatumikiaka ku nyumba." Alikuwa ameelewa yote tangu mwanzo.

Njiani kurudi nyumbani mke wangu alitembea mbele. Sokoni alisimama, akauliza tule nini. Nilitaka kusema asante. Nilitaka kusema unisamehe. Nikasema, "Samaki."

Lundi, yaani Jumatatu, nilimpelekea Chef kile kisu cha bamba la msumeno. Alikipima mgongoni mbele yangu: milimita moja na nusu. Alikilaza kidoleni kikakaa sawa. Halafu akanifundisha, na haya ndiyo uliyoniuliza, Trésor, kwa hiyo chukua kalamu.

Kisu cha jikoni hakikati kwa makali peke yake. Makali yanafungua njia, na mwili wote lazima upite pale pale. Mwili ukiwa mnene unasukuma badala ya kupita. Kwa hiyo uchongaji uanzie mgongoni ushuke mpaka chini bila kuacha bega, yaani ule uvimbe juu ya makali, usiwe wa ukingo tu kama nilivyofanya. Nikamuuliza kwa nini basi tusianze wote na moja na nusu. Akanipa bamba la namna hiyo nijaribu. Nilipolichovya kwenye mafuta likiwa la moto lilipinda kama ganda la ndizi. Nikajaribu tena, likapinda upande wa pili. La tatu nikaliunguza ukingo kwa sababu chuma chembamba kinafika rangi kabla hujatoa koleo.

"Weye bado," akasema Chef. "Kwanza, tatu."

Ndiyo hiyo tatu niliyokujibu. Milimita tatu mgongoni kwa kisu cha kwanza. Inavumilia moto wa mtu asiyejua rangi, haipindi ovyo kwenye mafuta, na inakubali kusahihishwa kwa tupa. Ukitumia sita utachoka kupiga tupa kabla hujafika, na utajidanganya kwamba umemaliza. Kabla ya kukichovya, acha ukingo uwe na unene wa kama sarafu. Ukimaliza kukichovya, kirudishe kwenye joto la polepole mpaka kipate rangi ya asali, ndipo upunguze kilichobaki, kwa subira, ukikitia majini mara kwa mara. Cha pili fanya mbili na nusu. Moja na nusu subiri mpaka mkono wako uache kukuuliza maswali.

Nilifanya hivyo, na baadaye nikawa naitwa mtu wa visu vyembamba. Ateli kubwa ilipopunguza watu nikafungua hii yetu ndogo, na mama wa sokoni wakaja hata kutoka Panda kuulizia kisu cha Papa Kalumba. Vyote vile vilitoka kwenye kisu cha mke wangu. Nilikiiga, upana kwa upana. Yeye mwenyewe nilimtengenezea kizuri kuliko vyote, akakipokea, akapiga makofi madogo, na safari hii akasema iko muzuri.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Lakini kicheko cha siku ile ya posho kilitoka ateli kikaingia mitaani. Wakamwita Mama Tomati. Hata tulipopata mtoto wa kwanza, jina la mtoto halikuweza kuliondoa lile. Na lilikuwa na madhara kuliko kutaniwa. Kwenye vilio na harusi, wanawake wanaokata mboga na nyama hukaa pamoja kwenye mkeka, na pale ndipo yanapozungumzwa yote, ndipo urafiki unapofungwa. Mke wangu alikuwa akifika, wanamwambia, "Apana, Mama Tomati, weye utasukula masufuria." Naye anakwenda kuosha masufuria.

Mara moja tulikwenda kwao ziwani. Nilimwona asubuhi akiwa na dada zake mbele ya samaki walioletwa na mitumbwi. Alikuwa anawafungua kupitia mgongoni, mvuto mmoja tu kutoka kichwani hadi mkiani, bila kutazama, huku anasimulia hadithi na dada zake wanalia kwa kucheka. Sikuwahi kumwona hivyo Likasi. Nilisimama pale nikaumia. Angeweza siku yoyote kuketi kwenye ule mkeka wa Kikula, akashika kisu na kuwanyamazisha wote. Hakufanya hivyo kwa sababu angeonyesha kwamba anajua kukata, watu wangeuliza basi siku ile ilikuwaje, na mume wake angekuwa mwongo mbele ya ateli nzima. Kwa hiyo aliosha masufuria kwa ajili yangu, miaka zaidi ya thelathini. Mimi nilijua, nikanyamaza, kwa sababu kila mwaka ulioongezeka ulifanya maneno yale yawe magumu zaidi. Chef Ngoie hakumwambia mtu. Alipokuwa mgonjwa nilikwenda kumwona, akaniuliza kama nimekwisha kusema. Nikamwambia bado. Akageukia ukuta.

Jana alasiri nilimsomea mke wangu karatasi hizi. Alikuwa ameketi barazani anakata matembele mkononi, majani yamekunjwa kwenye ngumi, kisu kinakuja kuelekea kidole gumba na kusimama pale pale. Nilipofika kwenye "Nitamufundisha" nikaziweka karatasi magotini.

"Soma," akasema.

Nikasoma mpaka mwisho. Alikuwa ameacha kukata.

"Ile kitunguu ya mu juma ya tatu," akasema. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Minye nilizaniaka ulijua ile Lundi. Nilizania Chef njo alikuonesha. Ile posho, nilisema, bwana yangu hajue, anazania kisu yake iko muzuri, acha nimufunike." Akaweka kisu juu ya majani. "Njo maana nilikusamehe palepale. Nilisamehe muntu mwenye hakujua."

Nilimwomba msamaha, kwa mara ya kwanza, na nikaona jinsi neno lile lilivyokuwa dogo. Alimaliza kukata mboga yote, akainuka, na kabla ya kuingia jikoni akasema: "Utabasomea ku ateli. Yote. Na bibi zao bakuwe pale. Minye nitakuya."

Kwa hiyo, Trésor, usizipitishe karatasi hizi mkononi. Siku ya posho, saa sita, wakusanye wote pamoja na wake zao, na wale mama wa Kikula waliobaki. Nitasoma kwa sauti mimi mwenyewe, naye atakuwa amesimama karibu yangu, na sijui akimaliza kusikiliza atafanya nini. Nyanya ile ilikuwa nzima; kisu ndicho kilikuwa kibaya. Mke wangu anaitwa Anastasie, na kuanzia siku hiyo mtamwita hivyo.